Fuata Maji Hadi Pangani

Mto Themi unakata Jiji la Arusha katikati, na wengi wanaouvuka kila asubuhi wakienda kazini hawana sababu ya kujiuliza unaishia wapi. Unaishia baharini. Maji yake huteremka hadi Kikuletwa, huko yakakutana na yale yanayotoka Kilimanjaro, yakaingia pamoja katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, yakatokea upande wa pili yakiwa Mto Pangani. Kutoka hapo mto huambaa nyikani, mbali kidogo na Milima ya Upare na ya Usambara, ukapita Korogwe, ukazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, kisha ukaingia Bahari ya Hindi kwenye mji wenye jina hilohilo. Kila safari ya baiskeli niliyoipanga kutoka Arusha kwenda pwani, iwe yangu mwenyewe au ya vijana walioniomba niwasaidie, imeutegemea mto huo na vijito vinavyoulisha.

Swali la kwanza ambalo watu huniuliza ni kilomita ngapi. Jibu lipo: kwa barabara kuu, kupitia Moshi, Same, Mombo, Segera na Muheza, ni kama 430 hadi Tanga mjini. Basi huzimaliza mchana mmoja. Lakini hesabu hiyo haimsaidii sana mtu wa baiskeli. Kilomita thelathini na kitu za kutoka Mombo kupanda Lushoto zinakula nguvu kuliko themanini za Arusha hadi Moshi, na kilomita kumi za nyika ya Same saa nane mchana, upepo ukikupiga kifuani na chupa ikiwa tupu, ni ndefu kuliko zote hizo.

Mtu aliyenifundisha kupanga safari alikuwa fundi baiskeli wa Ngarenaro, mzee aliyewahi kuendesha Phoenix yake hadi Korogwe ujanani akifuata kazi ya mkonge. Nilimpelekea baiskeli abadilishe cheni na beringi za nyuma, nikamweleza ninakotaka kwenda. Hakuuliza kilomita. Akiwa amechutama, mikono imejaa grisi, aliniuliza: "Siku ya kwanza maji ya mchana utayakuta wapi? Na ukiharibikiwa, nyumba iliyo karibu ni ya nani?" Nilipomjibu kuhusu siku ya kwanza akauliza ya pili, kisha ya tatu, mpaka tukafika Pangani palepale kibarazani. Tangu siku hiyo sijaona njia bora ya kupanga safari. Unaijibu siku nzima kwa maji na watu, halafu kilomita zinajipanga zenyewe.

Wala si ugunduzi wake wala wangu. Karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara ilitoka Pangani kufuata pembe za ndovu bara, hadi Upare na Kilimanjaro, na ilipita bonde hilihili kwa sababu msafara wa wapagazi haukuweza kukaa mbali na maji. Baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambara, mwaka 1862, mwanawe Semboja aliacha ubaridi wa mlimani, akaweka makao yake Mazinde, chini kabisa nyikani, ili awe karibu na misafara hiyo. Wajerumani walipoanza kujenga reli Tanga mwaka 1893 walifuata bonde hilo pia: wakafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, wakikwepa kila mwinuko ambao garimoshi lisingeuweza. Kwa hiyo mpangaji wa baiskeli tayari ana walimu wawili. Misafara inamwonyesha maji yalipo, na reli inamwonyesha ardhi ilipo tambarare. Kinachobaki kwake ni kuamua ni wapi aiache njia ya reli apande mlimani kwa hiari yake.

Hapo ndipo linapoingia suala la uzuri wa njia. Nimeshasikia watu wakisema mandhari ni anasa, kwamba ukishapata usalama, chakula na pa kulala ndipo ufikirie kutazama milima. Katika safari hii sikubaliani nao hata kidogo. Kati ya Arusha na bahari, mahali penye maji ndipo penye kivuli, penye kivuli ndipo penye kijiji, na penye kijiji kilichotiwa maji na mlima ndipo macho yanaposhiba. Ukipanga njia kwa kufuata maji, mandhari utayakuta bila kuyatafuta. Barabara kuu ina ubaya wake wa mabasi na malori, na ukingo wa lami uliomeguka unaokulazimisha kuchagua kati ya shimo na tairi la semitrela, lakini ubaya wake mkubwa kwangu ni kwamba vipande vyake virefu vimepitia upande mkavu wa milima.

Ninapopanga huwa na ramani mbili. Ya kwanza ni ya karatasi, zile za kipimo cha 1:50,000 za serikali, nyingine za zamani kiasi kwamba vijiji vyake vimeshahama au vimekuwa miji. Ya pili ni ya simu. Ya simu inajua barabara mpya, ila ya karatasi inajua ardhi. Naanza na rangi ya buluu. Napita na penseli juu ya kila mto unaokata njia yangu, nikitenganisha ule wenye mstari mzima, yaani wa mwaka wote, na ule wenye mstari uliokatikakatika, yaani wa msimu. Kisha natazama mistari ya mwinuko. Ikibanana, hapo ni kushuka na kusukuma. Ikiachana, hapo ni kukanyaga pedeli kwa raha. Mwisho kabisa ndipo naangalia barabara.

Halafu kuna upepo. Kutoka Arusha kwenda Tanga unaelekea kusini mashariki, na kusi hutoka hukohuko. Kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba unaendesha ukikabiliana nao, na ukanda wa Same hadi Mkumbara una upepo unaojulikana na kila dereva wa lori. Kaskazi, inayoanza kuvuma mwisho wa mwaka hadi Machi, hukujia ubavuni, upande wa kushoto, na hiyo ni nafuu kubwa. Tena mwezi Januari vijito vya milimani bado vina maji ya vuli. Joto la nyikani ni kali wakati huo, sikatai, lakini joto linakwepeka kwa kuamka mapema, ilhali upepo wa kusi hukaa nawe mchana kutwa. Masika siipangii mtu yeyote safari hii. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka.

Siku ya kwanza, basi. Arusha hadi Boma Ng'ombe huna budi kutumia barabara kuu, ukianza saa kumi na mbili asubuhi kabla magari hayajachangamka. Njia yote inaelekea kushuka, ukitoa mabonde ya mito inayotoka Meru. Boma Ng'ombe unaiacha lami, unakata kulia kwenda Rundugai hadi chemchemi za Chemka. Barabara ni ya vumbi jembamba kama unga, nchi imekauka, vichaka vya miiba kila upande; ghafla unaona miti mirefu ya kijani imejikusanya mahali pamoja. Chini yake kuna maji maangavu ya vuguvugu yanayobubujika kutoka ardhini, na unaona mizizi na mawe hadi chini kabisa. Hayo ni maji ya Kikuletwa. Toka hapo, kwa kuulizauliza vijijini, unaingia kwenye mashamba ya miwa ya TPC, kampuni iliyoanzishwa na Wadenmark mwaka 1930. Njia zake zimenyooka, mifereji inapita pembeni, na ukigeuka kushoto asubuhi au jioni mawingu yakiwa yamepanda unaona Kilimanjaro nzima. Omba ruhusa kwa walinzi, usipite kimyakimya. Sijawahi kunyimwa.

Moshi hadi Same sitakaa sana. Ipo njia ya kuzungukia Nyumba ya Mungu ukala perege wa kukaanga kwa wavuvi, na kwa mwenye siku ya ziada inafaa. Asiye nayo aende na lami hadi Same, alale mapema, kwa sababu kesho yake ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote.

Same ina njia mbili za kwenda Mkomazi. Barabara kuu na reli zinapita magharibi ya Milima ya Upare: Makanya, Hedaru, nchi ya mkonge na migunga. Ya pili inazunguka mashariki kupitia Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio, kilomita zipatazo mia moja, nyingi zikiwa za vumbi, ingawa vipande vyake vinaendelea kuwekewa lami. Kulia kwako una milima inayopanda hadi Shengena, zaidi ya mita 2,400. Kushoto una nyika ya Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba kabla ya kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008, na nyika hiyo inaendelea bila kukatika hadi Tsavo, Kenya.

Upande huu wa mashariki ndio unaopokea mawingu ya baharini. Mvua inanyesha juu, ambako Wapare wanalima tangawizi na migomba, na maji yanashuka kwa vijito na mifereji hadi barabarani. Wapare wana ustadi wa siku nyingi wa kuyatunza. Hujenga ndiva, mabwawa madogo ya mlimani, wakajaza usiku na kufungulia mchana kwa zamu, kila shamba kwa saa zake. Kwa mtu wa baiskeli maana yake ni kwamba mfereji unaoonekana mkavu asubuhi unaweza kuwa umejaa saa nane, na kinyume chake. Ramani haikuambii hilo.

Aliyeniambia ni mama mmoja wa Maore, tuliyemkuta akijaza ndoo kwenye bomba la kijiji. Tulikuwa kundi dogo, jua limeshapanda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mnakwenda wapi na jua hili?"

"Pangani, mama."

Alitutazama, akazitazama baiskeli na mizigo kwenye keria, akacheka. Kisha akaanza kutupa ratiba ya maji, kijiji kwa kijiji, kama mtu anayesoma ubao wa vituo: bomba lipi limeharibika, mfereji upi leo ni zamu ya upande wa barabarani, shule ipi ina tangi na mwalimu wake hana roho mbaya. Nilitoa daftari nikaandika. Ratiba ile niliifuata hadi Kihurio na haikukosea mahali.

Tangu hapo nimekuwa makini na suala la nani aulizwe nini. Maji waulize kina mama, kwa sababu ndio wanaoyabeba. Hali ya barabara muulize bodaboda, kwa kuwa aliipita jana na ataipita kesho, na anajua mchanga umejaa wapi na daraja lipi limekatika. Umbali usimuulize mtu kwa kilomita. Uliza mtu akitoka sasa kwa baiskeli atafika saa ngapi, hapo utapata jibu la kuaminika. Na wanyama waulize wazee wenye mashamba. Kiangazi tembo hutoka hifadhini kufuata mazao na maji, na wakulima wa ukanda wa Kisiwani wanajua vizuri wanapovukia. Hapo nina msimamo: hakuna kuendesha kabla jua halijachomoza vizuri wala baada ya saa kumi na mbili jioni. Anayeona ana haraka aende na barabara kuu.

Kisiwani ndipo nilipokaa kwa fundi kijana nikitazama kazi yake kwa makini. Tairi la mbele lilikuwa limeshiba mbigili, vile vimiiba vyenye pembe ambavyo hulala mchangani vikisubiri. Alitoa tyubu, akaijaza upepo, akaizungusha ndani ya beseni la maji mpaka mapovu yakaonyesha tundu, kisha tundu la pili, kisha la tatu. Kila tundu alilichoma kijiti cha kiberiti kuliwekea alama. Akasugua kwa msasa, akapaka solusheni, akapuliza mpaka ikakauka, akabandika kiraka alichokata kwenye tyubu kuukuu. Kabla ya kurudisha, alipitisha vidole taratibu ndani ya tairi zima, macho yameelekea kwingine, akatoa miiba mitano iliyobaki. Baadhi ya wenzetu wenye baiskeli za bei hubadilisha tyubu mpya bila kupapasa tairi, na baada ya mita mia mbili wako chini tena.

Hilo pia ni sehemu ya kupanga. Ninamshauri kila anayetaka njia hii achague baiskeli yenye magurudumu ya inchi 26, tairi pana, na vipuri vinavyouzwa gulio lolote. Baiskeli nyepesi sana yenye rimu za kipimo kigeni itakupa raha hadi siku ya kwanza ya ajali, kisha utasubiri tyubu itoke Arusha kwa basi.

Chakula cha siku hiyo ni Ndungu, katika mashamba ya mpunga. Baada ya vumbi la asubuhi yote, bonde zima la kijani kibichi likiwa na maji yaliyosimama na yangeyange weupe wakitembea ndani yake linakufanya ushike breki bila kukusudia. Wali wa hapo unaliwa karibu na shamba lake. Mimi hata hivyo huulizia makande kwanza, mahindi na maharage yaliyochemka hadi yakalainika, kwa sababu hakuna chakula kinachokaa tumboni siku nzima kama makande ya Wapare. Jioni milima inalificha jua mapema, na kilomita za mwisho kwenda Mkomazi unazipita kivulini. Upande wa barabara kuu hali ni kinyume: kivuli cha mlima unakipata asubuhi, halafu mchana na jioni unachomwa.

Kutoka Mkomazi hadi Mombo unarudi kwenye lami. Unapita Mazinde ya Semboja, siku hizi mashamba ya mkonge, na ukuta wa Usambara umesimama kushoto kwako. Ni siku fupi, na nimeipanga fupi makusudi. Baada yake unapanda kutoka kama mita 400 juu ya usawa wa bahari hadi karibu 1,400, na mwili unaoanza mlima ukiwa umechoka hautazami kitu zaidi ya gurudumu la mbele.

Barabara ya Mombo kwenda Soni ni nyembamba, imekumbatia korongo la mto, na inakwenda kwa kona baada ya kona. Ni ya lami na mwinuko wake haukatishi tamaa. Anza saa kumi na mbili. Saa mbili asubuhi yanaanza kushuka malori ya Fuso yaliyosheheni kabichi, karoti na viazi vya Lushoto, na baadhi ya madereva hukata kona katikati ya barabara. Ukisikia honi, shuka, simama pembeni, acha lipite. Kadiri unavyopanda, hewa inabadilika. Joto la mkonge linabaki chini, unaanza kusikia harufu ya udongo mbichi, na Soni unakuta maporomoko yakiunguruma na kina mama wakiuza peasi na plamu kwenye visado. Karibu na hapo, juu ya ukingo, kuna Vuga, ambako Kimweri ye Nyumbai alitawala Usambara yote.

Lushoto nasisitiza watu wakae siku nzima bila kuendesha mbali, isipokuwa kwenda Irente. Mpangaji wa njia anapaswa kufika Irente. Unasimama ukingoni mwa mwamba, na chini yako, kama mita elfu moja, imetandazwa njia yote uliyopita: lami, reli iliyo sambamba nayo, miraba ya mkonge, mabati ya Mazinde yakimetameta. Mbali zaidi unaona mstari wa miti ya kijani iliyokolea ukijipinda katikati ya nyika ya kahawia. Ni miti ya kando ya Mto Pangani. Mara ya kwanza nilipouona kutoka juu nilikaa chini nikatoa ramani, nikaigeuza upande hadi ikalingana na bonde, nikafuata kwa kidole. Yale mawazo ya fundi wa Ngarenaro, ya misafara na ya wahandisi wa reli yalikuwa pale chini, yote yakipita sehemu moja. Wenzangu walidhani natafuta tulikopotea. Nilikuwa na furaha kubwa tu.

Kushuka kwenda Korogwe usirudi Mombo. Kutoka Soni ingia Bumbuli, kisha Dindira, mpaka Korogwe. Ni barabara ya vumbi ya zaidi ya kilomita sabini, na ndiyo inayostahili kabisa taabu ya kupanda. Unapita matuta ya mboga yaliyochongwa kwenye miteremko ambayo usingedhani mtu anaweza kusimama, misitu iliyobaki vileleni, kisha mashamba ya chai. Wasambaa wanajenga mpaka juu kwenye mgongo wa kilima, kwa hiyo hakuna kilomita isiyo na nyumba, na hakuna bonde lisilo na kijito. Hapo swali la maji linajibiwa na masikio. Swali linalobaki ni breki. Mteremko mrefu unaunguza rimu na kula raba za breki. Beba jozi ya akiba, simama kila baada ya muda, gusa rimu kwa haraka, ukiona haigusiki kaa upumzike. Mtu akikukaribisha chai, kubali. Nimefundishwa habari nyingi za njia kwenye vikombe hivyo.

Kulala vijijini hakuna shida ukifuata utaratibu. Fika kabla ya saa kumi na moja, nenda ofisi ya mtendaji wa kijiji au umtafute mwenyekiti wa kitongoji, jitambulishe, waambie mnatoka wapi, mnakwenda wapi na mtaondoka lini. Mgeni aliyejitambulisha ni mgeni wa kijiji kizima. Mara nyingi tumepewa darasa la shule au uwanja wa zahanati, na mara kadhaa chumba cha kijana wa nyumba aliyehamishiwa kwa mwenzake kwa ajili yetu. Shukrani ya hapo haitolewi kwa haraka barabarani. Kaa asubuhi, kunywa uji, aga wazee.

Korogwe unaukuta mto ana kwa ana, mpana na wa rangi ya kahawa ya maziwa. Mto Mkomazi na Lwengera, maji ya Upare na ya Usambara zote mbili, yanamwagika humo. Kwa aliyechoka, barabara kuu kupitia Segera, Hale na Muheza, nchi ya machungwa, itamfikisha Tanga upesi, na Muheza anaweza kupanda Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902. Mwenye nguvu apite Korogwe ya zamani, Magoma, Mashewa, Daluni na Maramba, azunguke Usambara ya Mashariki kwa upande wa kaskazini mpaka Mabokweni. Barabara ni ndefu na ya vumbi, lakini huku unapishana na baiskeli nyingi kuliko magari, na milima ya msitu haikuachi. Kuanzia Maramba hewa inaanza kuwa nzito, minazi inajitokeza mmoja mmoja, na salamu za watu zinarefuka.

Tanga nampa kila mtu siku ya kupumzika na kuosha cheni. Kisha kipande cha mwisho, kama kilomita hamsini kwenda Pangani, ambacho watu wengi hukitaka kwa haraka kwa sababu wameshaiona bahari. Nawaomba wasimame Tongoni. Msikiti uliobomoka na makaburi yenye nguzo vimesimama kati ya mibuyu, karibu kabisa na mikoko, na unaona kwamba pwani hii ilikuwa inapokea wageni karne nyingi kabla ya Tanga kuwa na bandari ya meli kubwa. Pangani yenyewe ina historia nzito. Ndipo Abushiri bin Salim aliponyongwa na Wajerumani Desemba 1889 baada ya kuongoza vita dhidi yao. Na ng'ambo ya mto, Kikogwe, ndipo ulipopandwa mkonge wa kwanza mwaka 1893. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62. Kilimo cha mkonge uliotukausha macho kuanzia Mazinde kilianza na miche hiyo.

Kurudi ni kwa basi. Basi la Pangani hadi Tanga, kisha la Arusha. Patana na kondakta nauli ya baiskeli siku moja kabla, si wakati abiria wamejaa mlangoni. Toa pedeli, geuza usukani, funga cheni kwa gunia ili isichafue mizigo ya watu, na simamia mwenyewe inavyopakiwa. Treni ya abiria, iliyorudi Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020 baada ya miaka mingi, ni nzuri zaidi kwa anayepandia Korogwe siku ambayo ratiba inakubali.

Sasa kazi yangu ni kusini. Barabara ya Tanga, Pangani hadi Bagamoyo inajengwa kwa lami, pamoja na daraja la kuvuka mto badala ya kivuko, na vijana wa Arusha wameanza kuniuliza kama safari inaweza kuendelea kufuata bahari. Baiskeli haziwezi kujipitia tu ndani ya Hifadhi ya Saadani, kwa hiyo kipande hicho kinahitaji kupangwa kwa utaratibu wa hifadhi. Kabla ya yote nimeanza na visima. Bodaboda mmoja wa Mkwaja amekubali kuniorodheshea vilivyo kando ya barabara, kimoja kimoja, akitenganisha vyenye maji baridi na vyenye chumvi, na mkewe ndiye anayemsahihisha.